Sura ya Sita: Shii, Mvumo na Mkwaruzo

Karatasi ya spika haina uwezo wa kutoa shii. Nataka msomaji alishike hilo kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu katika Dodoma yetu spika nyingi za kompyuta hutupwa zikiwa nzima. Mwenye steshenari husikia mlio kama wa maji yanayokaribia kuchemka, huzima na kuwasha, mlio uko palepale, basi huamua kwamba spika zimekufa na kwenda sokoni Majengo kutafuta nyingine. Anazichomeka kwenye kompyuta ileile na soketi ileile, na shii inamsubiri. Fedha imekwenda, ugonjwa umebaki.

Spika tunayoitumia leo inatokana na kazi ya Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, walioitangaza mwaka 1925 wakiwa katika kampuni ya General Electric. Tangu hapo umbo lake halijabadilika sana. Nyuma kuna sumaku. Katikati ya sumaku kuna pengo jembamba la mviringo, na ndani ya pengo hilo inaning'inia koili ya waya mwembamba wa shaba. Koili imegundishwa kwenye karatasi. Umeme wa muziki ukipita, koili husogea mbele na nyuma, karatasi husukuma hewa, nasi tunasikia. Kifaa cha namna hii kinaweza kunyamaza kabisa. Kinaweza kukoroma, kukwaruza, au kupasua sauti ukiongeza. Lakini shii ya mfululizo, isiyofuata muziki wala maneno, ni umeme uliotumwa kwake kutoka mahali pengine, nacho kinautamka kwa uaminifu.

Mahali hapo pengine ndipo pa kupatafuta, na kifaa bora cha kutafutia ni kinobu cha sauti. Usicheze wimbo wowote. Washa spika, kisha zungusha kinobu kutoka mwanzo hadi mwisho huku ukisikiliza. Shii ikipanda na kushuka pamoja na kinobu, imezaliwa kabla ya kinobu: kwenye kompyuta, kwenye waya, au kwenye bodi ndogo ya Bluetooth iliyomo ndani ya spika. Ikibaki ileile hata kinobu kikiwa sifuri, imezaliwa baada yake, yaani kwenye amplifaya yenyewe. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, halihitaji bisibisi, na linagawa tatizo katikati. Nasikitika kila nikikumbuka jinsi watu wachache wanavyolijua.

Kuna shii ambayo haiponi, na ni vizuri kuijua ili usiihangaikie. Mwaka 1928, katika maabara za Bell huko Marekani, John Johnson alipima kelele inayotoka kwenye kipande chochote cha waya au rezista, hata kisipounganishwa na kitu, na mwenzake Harry Nyquist akaeleza kwa hesabu chanzo chake: ni joto. Elektroni ndani ya waya hazitulii. Zinarukaruka kwa sababu ya joto, na amplifaya inayokuza muziki inakuza na mrukoruko huo. Kwa hiyo ukitega sikio hadi likaribie kugusa spika na kusikia shii nyembamba, hiyo ni afya. Shii inayosikika ukiwa umeketi kwenye kiti chako ndiyo yenye maelezo mengine.

Na maelezo ya kawaida kuliko yote ni mpangilio mbaya wa sauti. Mtumiaji ameweka sauti ya kompyuta asilimia 20, kisha amefungua kinobu cha spika hadi mwisho ili afidie. Kompyuta inatuma muziki mdogo, amplifaya inaukuza mara nyingi, na kila uchafu uliomo njiani unakuzwa pamoja nao. Geuza mpangilio: sauti ya kompyuta ipande hadi asilimia 80 au 90, na kinobu cha spika kishuke mpaka usikie kiasi unachotaka. Muziki utakuwa na ukubwa uleule, shii itapungua sana. Ukiwa kwenye mipangilio hiyo ya kompyuta, zima maiki kama huitumii, na hakikisha hakuna mahali ilipoamriwa isikike moja kwa moja kwenye spika. Maiki ya kompyuta ndogo iliyoachwa wazi inaokota sauti ya feni yake na kuirudisha kama upepo, na mwenye kompyuta anawaza mambo ya amplifaya.

Wapo watakaosema shii kidogo si kitu. Kwa mtu anayesikiliza bongo fleva huku akipiga chapa barua za wateja, pengine si kitu. Lakini huko Buigiri, wilayani Chamwino, tangu miaka ya 1950 kuna shule ya wasioona, na kwa mtu asiyeona spika ndiyo skrini. Programu ya NVDA, aliyoianzisha Michael Curran wa Australia mwaka 2006 na ambayo hutolewa bure, humsomea kila herufi, kila kitufe, kila jina la faili. Sauti za s, sh na f hukaa juu kabisa, kwenye maelfu ya mitetemo kwa sekunde, na shii hukaa hukohuko. Inazifunika. Tofauti ya "fika" na "shika" ni ile sauti ya kwanza tu, na spika yenye shii inaila hiyohiyo. Siwezi kuiita kasoro hiyo ndogo.

Turudi kwenye utafutaji. Kama kinobu kimekuonyesha kwamba kelele inatoka kabla yake, chomoa waya wa sauti kwenye kompyuta na uuchomeke kwenye simu isiyo kwenye chaji. Cheza wimbo unaoujua vizuri. Kukiwa safi, spika yako ni nzima na waya wake ni mzima. Kompyuta ndiyo ya kuulizwa. Kukiwa na kelele ileile, kompyuta haina kosa. Upande mmoja ukiwa mbovu, badilisha waya za kushoto na kulia: ubovu ukibaki kwenye spika ileile, ni spika, ukihamia spika ya pili, ni amplifaya au tundu. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha waya, kompyuta na soketi kwa mpigo anaweza kuondoa kelele asijue alichokiondoa, na kesho ikirudi anaanza upya.

Kompyuta ikiwa ndiyo mkosaji, mara nyingi ni kwa sababu sehemu yake ya sauti imebanwa ndani ya bodi moja na vitu vinavyowaka na kuzimika mamilioni ya mara kwa sekunde. Utasikia vijimlio vyembamba unaposogeza mausi au diski inapofanya kazi. Spika zinazopata umeme wake kwenye tundu la USB huathirika zaidi, kwani volti 5 zile zile zinazolisha mausi ndizo zinazolisha amplifaya. Zilishe kwa chaja ya simu iliyo nzuri badala ya kompyuta, au nunua kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka kwenye USB. Ni kifaa cha ukubwa wa flashi, na kwa kompyuta ya mezani iliyozeeka sijaona matumizi bora ya fedha kidogo.

Mvumo ni habari tofauti, na hapa ndipo nyanda za kati zina lao la kusema. Umeme wetu ni volti 230, na huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ukisikia mvumo mzito, wa chini, usiobadilika, unasikia umeme wa ukutani ukiwa umepenya kwenye njia ya sauti. Njia yake ya kupenya mara nyingi ni ethi.

Nyumba inayojengwa leo Dodoma, iwe Nala, Ihumwa au Iyumbu, huchimbiwa nondo ya ethi, na kazi ya nondo hiyo ni kumwaga ardhini umeme uliopotea njia. Inaifanya kazi hiyo kwa kutegemea unyevu. Dodoma hupata takribani milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei udongo wetu wa kichanga hukauka kwenda chini, na kufikia Septemba nondo iliyokuwa imekumbatiwa na udongo mbichi inasimama katikati ya kitu kinachokaribia kuwa kizio. Ethi ipo kwa macho, kwa umeme haipo. Mafundi umeme wenye uzoefu wa hapa huizungushia nondo mkaa na chumvi na kuacha kishimo juu yake, na wakati wa kiangazi ndoo ya maji humwagwa pale mara kwa mara. Ni kazi ya ulinzi wa maisha kwanza. Spika kunyamaza ni faida ya ziada. Kama mvumo wako huja kiangazi na kupotea masika, anza na kishimo hicho.

Kisha tazama soketi. Plagi yetu ya miguu mitatu iliyorithiwa kwa Waingereza ina mguu mrefu wa juu kwa ajili ya ethi, na mguu huo ndio unaofungua matundu ya chini. Mtu mwenye chaja ya miguu miwili huchokoa tundu la juu kwa kalamu, matundu yanafunguka, chaja inaingia, na ethi inabaki bila mteja. Chaja ya kompyuta iliyoingizwa hivyo huacha umeme kidogo sana kwenye bodi ya kompyuta. Pitisha mgongo wa mkono juu ya mfuniko wa chuma: utahisi kama kitu kinatambaa. Umeme huo ni mdogo, lakini unatafuta pa kwenda, na waya wa spika unaupa njia. Chomoa chaja na uiache kompyuta kwenye betri. Mvumo ukikatika papo hapo, umeshakipata chanzo. Dawa ni kuchomeka kompyuta na spika kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli, na kama haitoshi, kutumia kitenganishi kidogo chenye transfoma ndani, kinachounganishwa katikati ya waya wa sauti. Nimeona watu wakikata mguu wa ethi kwenye plagi ili mvumo uishe, na ni kweli mvumo huisha. Siku waya wa moto ukigusa chuma cha ndani, hakutakuwa na kitu cha kumkinga atakayekigusa. Usifanye hivyo, na ukikuta mtu amefanya kwenye nyumba yenye watoto, mwambie.

Kuna mlio mwingine ambao watu huuchanganya na mvumo: ule wa tititi, tititi, unaokuja sekunde chache kabla simu haijaita. Simu inapotumia mtandao wa 2G hurusha mawimbi kwa vipande, kama mara 217 kwa sekunde, na waya za spika huyapokea kama antena. Sogeza simu mita moja. Hakuna cha kutengeneza.

Sasa mkwaruzo. Ukizungusha kinobu nayo spika ikatoa kraa-kraa, vumbi limeingia kwenye kinobu. Ndani yake kuna njia nyembamba ya kaboni na kidole cha chuma kinachotembea juu yake. Vumbi likikaa katikati, kidole kinarukaruka. Dodoma vumbi halihitaji kuelezwa. Upepo wa Julai hadi Oktoba unalipitisha chini ya milango na kulilaza juu ya kila kitu. Tafuta kwa mafundi dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi, puliza kidogo kwenye tundu la kinobu umeme ukiwa umechomolewa, zungusha kinobu mara ishirini au thelathini, acha ikauke. Mafuta ya kula, mafuta ya cherehani na petroli havifai. Mafuta hukamata vumbi jipya, na baada ya mwezi utakuwa na tope mahali pa vumbi. Petroli inaweza kula plastiki, tena ni hatari kuwa nayo karibu na umeme.

Lakini mkwaruzo unaonivutia zaidi ni ule wa koili. Kila mtoto aliyekulia kandokando ya makorongo ya hapa amewahi kuvunja spika ya zamani, kutoa sumaku na kuiburuza kwenye mchanga. Inatoka imevaa ndevu nyeusi. Chembe hizo ni madini ya chuma yenye usumaku, yaliyomomonyoka kutoka kwenye miamba ya nyanda hizi, ambayo ni miongoni mwa mikongwe ya Afrika, ya zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Mvua inayachekecha kwenye makorongo, upepo unayainua pamoja na vumbi. Na ndani ya nyumba kila spika ina sumaku. Kinachofanyika korongoni kwa dakika moja hufanyika polepole mezani kwa miaka: chembe nyeusi zinavutwa, na zikipata upenyo, kwenye karatasi iliyochanika au kifuniko cha katikati kilichobanduka, huingia kwenye lile pengo la koili. Hapo koili hukwaruza kila inaposogea.

Kulithibitisha ni rahisi. Zima spika, weka vidole viwili au vitatu kuzunguka katikati ya karatasi, isukume ndani taratibu kwa usawa, uiachie. Ikienda na kurudi kimya, pengo ni safi. Ikitoa sauti ya karatasi ya msasa, kuna chembe, au koili imeungua na kuvimba. Kupuliza kwa mdomo au kwa pampu hakusaidii, kwani sumaku haiachii. Mafundi hufungua kifuniko cha katikati na kuzungusha ndani ya pengo kipande chembamba cha selotepu iliyokunjwa ili gundi itazame nje. Chembe hunata na kutoka nacho. Kazi hiyo inataka subira ya saa nzima. Kwa spika nzuri ya inchi sita inalipa. Kwa kispika cha inchi mbili, nadhani hailipi. Ulinzi ni rahisi kuliko tiba: ziba karatasi iliyochanika mapema kwa kipande cha karatasi laini na gundi nyeupe, na usiiache spika sakafuni.

Kabla hujafungua chochote kwa sababu ya mkoromo, hakikisha mkoromo haumo ndani ya wimbo. Wagogo, wenyeji wa ardhi hii, huweka makusudi kwenye ilimba, ala yao ya muziki, matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui ili kila noti itoke na mtetemo wake. Ndio uzuri wa chombo. Mtu asiyezoea akicheza rekodi za Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003, anaweza kudhani karatasi imepasuka. Jaribu spika kwa sauti ya mtu anayesoma habari, kisha rudi kwenye ilimba na uisikilize inavyotakiwa.

Yaliyobaki ni ya ndani ya boksi, nayo yanataka tahadhari. Sabufa ina umeme wa volti 230 ndani yake, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Chomoa, subiri, na kama hujawahi kulehemu usianzie hapo. Mvumo wenye ukali, unaotetema mara 100 kwa sekunde na usiojali kinobu wala waya, mara nyingi ni kapasita kubwa za umeme zilizochoka. Ukifungua utaziona zimetuna kichwani au zimevuja. Kinachoziua ni joto: kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha yake kama nusu. Ndiyo maana vile vitambaa vya kufuma tunavyozivalisha sabufa sebuleni vina pande mbili. Sabufa ikiwa imezimwa, kitambaa kinazuia vumbi na kinastahili kukaa. Ikiwashwa, kivue. Fundi akibadilisha kapasita, mwombe aweke yenye maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na yenye maandishi ya nyuzi 105 badala ya 85.

Usidanganywe pia na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Maelfu yale ni ya mapambo. Tazama nyuma, pale panapotajwa umeme inaoutumia; kama inatumia wati 40 ukutani, haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya hizo kwenye karatasi. Anayeamini boksi hufungua sauti hadi amplifaya inaanza kukata vichwa vya mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa huipasha koili moto mpaka inaungua. Koili iliyoungua ndiyo kifo halisi cha spika. Mita itakuambia: spika ya omu 8 iliyo nzima husoma kati ya 6 na 7 na kidogo, ya omu 4 husoma karibu 3 na nusu. Ikisoma hakuna kitu, waya umekatika. Kama huna mita, gusa vichwa vyake kwa betri ya volti 1.5 mara moja. Nzima itasema "tu" na karatasi itasogea.

Ukishindwa, nenda kwa fundi, lakini usibebe spika peke yake. Beba na waya wake na chaja ya kompyuta, na kama inabebeka, kompyuta yenyewe. Kabla ya kuchomoa, rekodi kelele kwa simu ukiwa palepale mezani, kwanza kinobu kikiwa chini, kisha kikiwa juu. Mvumo unaotokana na ethi ya nyumba yako hautasikika kwenye banda la fundi lenye ethi nzuri. Atawasha, patakuwa kimya, na atakurudishia akisema ni nzima. Na kwa upande wa spika, atakuwa amesema kweli.